Meli Niliyoifukiza Udi

Mwanangu Athman,

Salamu nitakazokupa kesho gatini zitakuwa za kusikiwa na watu. Hizi ni zako peke yako. Nakuandikia hapa ukumbini, alasiri nimekwisha kusali, nawe umekwenda Shela kuwaaga jamaa. Kwa ninavyowajua watu wa Shela, hawatakuachia mpaka umekunywa kahawa nyumba nne, basi nina nafasi.

Habari za kula, za kufua kanzu, za kujikinga na baridi ya asubuhi, sikuandikii. Shangazi yako amekuusia tangu jua kuchomoza, nami nilikuwa nakutazama unavyoitikia, nikajua hata neno moja halikuingia. Sikulaumu. Mimi nilipoolewa niliusiwa siku saba na ninachokumbuka ni chakula.

Mimi nina jambo jingine. Mwaka jana uliletewa neno, na neno hilo lilipita mlangoni kwetu likaishia kwangu. Lau lilikufika, huenda kesho ungekuwa unakwenda Mombasa kwa ndia nyingine, si hii ya kukaa dukani kwa mjomba wako Salim ukipima vitambaa. Nitalisema lote humu, silipunguzi. Ila nalianzia mbali kidogo, kwa sababu nikilitaja kavu utamwona mamako mwovu tu, na mimi nataka uone pia nilivyokuwa mjinga. Ujinga una nafuu.

Unakumbuka siku ile kisanduku kilipoingia nyumba hii. Yule Mzungu aliyekuja kupima kina cha maji mbele ya gati alinunua kofia zangu mbili, na sishangai, maana mwenye mato akiona kofia yangu hapiti. Wewe ndiye uliyempelekea, mkakaa mkazungumza habari za meli mpaka nikadhani umezama. Alipokuwa anarudi Mombasa akakupa kisanduku cha karatasi kilichochorwa meli ya abiria yenye dohani mbili, akakwambia ukiimaliza umwonyeshe.

Tulikifungua juu ya mkeka. Kosa la kwanza hilo, nitalifikia. Mimi nilitegemea nione meli, nikaona vijiti vya rangi ya majivu vilivyoshikana na vipande vidogo vidogo, kama ukwaju ulivyoshikana na tawi lake. Nikachukua kimoja nikakinusa, halafu nikakiramba.

Ukaniuliza, "Mama, waramba nini?"

"Nataka kujua kama ni pembe au ni mfupa."

"Ni plastiki."

"Plastiki ni mti gani?"

"Si mti, Mama. Hutengenezwa kiwandani."

"Na kiwandani huitoa wapi?"

Hukujua. Mpaka leo hujanijibu, na swali langu bado lipo. Ukimpata mtu anayejua huko Mombasa, niandikie. Kitu kinachoelea majini kama gome, hukatika kwa wembe kama ukucha, hakina nyuzi kama mbao, na ukikikunja huwa cheupe pale palipokunjika. Mimi nimeshika kitambaa cha kila aina, na babako, Mungu amrehemu, aliniletea kila mti wa kuchongwa milango ulioingia mji huu, lakini kitu kama hiki sijapata kuona. Nilikesha nikifikiria ni nani aliyekaa akatengeneza ngazi ndogo kuliko tundu la sindano, na kama ana watoto, na kama nao huviramba vipande vyake.

Ile karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza. Wewe ulisoma Kiingereza, mimi nikasoma picha, na mara tatu picha zilinipa haki mimi. Mtu aliyehitimu msahafu kabla ya kaka zake hawezi kushindwa na picha.

Basi ukaanza kung'oa vipande kwa mkono, unavizungusha kama mtu achumaye embe. Vikatoka vimechanika. Nikakwambia tumia patasi ya babako. Nilisema kwa fahari, unakumbuka? "Patasi hii imechonga milango ya nyumba tatu za wenye mji, itashindwa na kijiti?" Ukaniheshimu, ukaiweka, ukaigonga mara moja, na mlingoti ukavunjika vipande viwili. Hukusema kitu. Ulinitazama tu, ukairudisha patasi kwenye kitambaa chake taratibu, kama mtu afunikaye maiti.

Nilichojifunza hapo nilikijua zamani katika kofia, ila sikukitambua kilipovaa nguo nyingine. Chombo kikubwa hakina heshima mbele ya kazi ndogo. Nikaleta mkasi wangu wa kukatia nyuzi, ule mdogo wenye ncha, ukakata kijiti mbali kidogo na kipande, si karibu. Kile kijipande kilichobakia ukakipunguza kwa wembe, kidogo kidogo, halafu msasa laini mpaka kidole kisisikie kitu. Baada ya siku mbili hivi ukawa unakata kama aliyezaliwa na wembe mkononi. Watu walidhani umefundishwa. Umefundishwa, ndiyo, na nani kama si mimi.

Sasa huo mkeka. Vipande vilikuwa vinaruka na kuingia katika ukindu, tukawa tunavitafuta kwa vidole kama chawa. Nanga moja iliruka mpaka uani, na kabla hatujainuka kuku wa Bi Rukia, jirani yetu, alikwisha kuimeza. Tulimfungia bandani kwetu siku nzima tukimngojea, hakutoa kitu. Bi Rukia akaja kumchukua, mikono kiunoni.

"Mumemfanya nini kuku wangu? Tangu jana hatoki bandani."

"Amemeza nanga, Bi Rukia."

"Ndiyo maana. Ametia nanga."

Akaondoka naye kwapani, na mtaa mzima ukapata habari kabla ya adhuhuri. Tangu hapo tukafanyia kazi ndani ya sinia la shaba, juu ya kitambaa cheupe. Ukingo wa sinia huzuia kinachoruka na weupe huonyesha kilichoanguka. Nanga ya badala nikaiunda kwa waya na sindano iliyokatika, na sijui wewe, lakini mimi nilipoitazama niliona imeishinda ya kiwandani.

Gundi ndiyo iliyonifunza zaidi. Nilidhani gundi ni gundi. Ile ya bomba ndogo iliyokuja na kisanduku ilikuwa inanuka kukata pumzi, nikakwambia uiache, nikakuletea ya seremala. Tukagandisha sitaha, asubuhi tukaikuta imebanduka kama ganda la yai. Ndipo ulipoijaribu yao kwa ncha ya sindano, tone dogo, na mimi nikainama kutazama. Nikaona kitu. Gundi ile haishiki vipande viwili. Huviyeyusha pale vinapokutana, na vikikauka huwa kipande kimoja. Kwa hiyo ikimwagikia pasipo pake hula. Alama ya kidole chako iko ubavuni mwa meli ile mpaka leo, siku uliyoshika na gundi mkononi. Hapo ndipo nilipokwambia, na lilikuwa neno la kweli, "Usitie nyingi." Ningelitamani ningelikuwa nimenyamaza, utaona kwa nini.

Tukajifunza kujaribisha kipande kikavu kabla ya gundi, mara mbili, mara tatu, kama mtu apimaye kanzu kwa pini. Tukabana kwa vibanio vya nguo na kuzungushia uzi, tukaiacha mpaka kesho yake. Wewe ulikuwa na subira kuliko mimi. Mimi nilikuwa naamka kuigusa.

Na rangi. Makopo mawili ya kwanza tuliyapoteza bure kwa sababu yangu. Nilikuwa nimejipaka mafuta ya nazi kichwani, nikavishika vile vipande nikivipanga, halafu wewe ukapaka rangi ikawa inakimbia, inakusanyika matone matone kama maji juu ya jani la yungiyungi. Uliisoma karatasi upya, ukanambia imeandikwa vioshwe kwa sabuni kwanza. Nikasema, "Mbona hukusema?" Ukasema, "Nilisema, Mama. Ulikuwa waimba."

Lakini yale madirisha. Madirisha yale madogo ya duara, arubaini kila upande, brashi yako ilishindwa, nywele zake zilikuwa zinatawanyika. Nani aliyeyachora? Nilichukua kijiti cha kuchorea hina, kile cha uti wa mnazi niliochonga ncha, nikachovya rangi nyeusi, nikayatia moja moja bila kupumua. Hakuna mkono mwingine Amu nzima ungeyatia vile, na hili nitalisema hata mbele ya kadhi. Wewe mwenyewe ulisema, "Mama, yamekaa mstari." Nilizunguka na neno hilo siku tatu.

Kwa muda wa miezi minne, mwanangu, nilifurahi kwa namna ambayo sikuwa nimefurahi tangu babako kufa. Si kwa ajili ya meli. Kwa sababu kila siku kulikuwa na kitu nisichokijua.

Sasa naja pale ninapopaogopa.

Mzungu alileta habari kwamba atakuja Jumatatu kutazama gati, na angependa kuiona meli. Meli ilikuwa tayari, imekauka, iko dirishani. Jumapili nyumba yetu ilijaa wanawake. Unakumbuka, tulikuwa tunamfukizia nguo za arusi binti wa Bi Rukia, kwa kuwa chumba chetu ni kikubwa. Lile tenga la kufukizia lilikuwa katikati, chetezo chini yake, makaa yamezikwa ndani ya jivu, udi unafuka taratibu, na leso na shela zimetandazwa juu. Wewe ulitoka, maana nyumba ya wanawake haina nafasi ya kijana.

Wakaniuliza, "Bi Zena, iko wapi hiyo meli tunayoisikia?" Nani alikuwa amewaambia? Nilikuwa nimewaambia mimi, kisimani, msikitini upande wa wanawake, na kwa mgonjwa niliyekwenda kumtazama. Nikaileta ndani juu ya mto. Wakaishangaa. Nikawaambia madirisha ni kazi ya mkono wangu. Nikawaambia Mzungu anamtaka mwanangu. Bi Rukia akaisogeza puani.

"Nzuri," akasema. "Lakini yanuka."

"Yanuka nini?"

"Yanuka rangi. Yanuka mafuta ya taa. Kesho utampa mgeni kitu kinachonuka hivi?"

Na mimi, Athman, nyumbani kwangu hakijatoka kitu mbele ya mgeni bila ya udi. Wewe mwenyewe ulipozaliwa ulifukizwa kabla ya kuonyeshwa watu. Nguo hufukizwa, nywele hufukizwa, kikombe cha maji hufukizwa. Nikaona haya. Nikaiweka meli juu ya tenga nikaifunika shela.

Ulikuwa umekwisha kunambia. Ulinisomea kutoka katika ile karatasi: isikaribie moto. Nilikumbuka, wallahi nilikumbuka, na nikajijibu moyoni kwamba moshi si moto. Makaa yalikuwa chini ya jivu, siyaoni, basi hayapo. Nikarudi kwenye mazungumzo, na mazungumzo yalikuwa juu yangu, na hayo mimi siyafupishi.

Nilipoifunua shela, meli ilikuwa imepinda kama ndizi mbivu. Dohani moja imelala juu ya mwenzake. Mlingoti, ule uliougandisha upya baada ya patasi, ulikuwa unaning'inia kama uzi ulioloa.

Wote wakainama kutazama. Kisha Bi Rukia akasema, "Bi Zena, meli yako imelala." Na mwingine, "Iache, imechoka na safari." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, ndiyo, nilicheka. Halafu nikawaapisha wasiseme. Hawajasema, na kwa hilo nimewaheshimu wanawake wa mtaa huu kuliko ninavyojiheshimu.

Nikairudisha dirishani kama ilivyokuwa. Nyumba nzima ilinuka udi kwa sababu ya arusi, hukuweza kujua. Ukaingia.

"Mama, nini hii?"

"Sijui, baba. Nimeikuta hivyo. Pengine gundi yako."

Ukaichukua, ukaigeuza huku na huku kwenye mwanga. Nilitamani uwe mkali. Ukasema, "Nilitia nyingi. Nawe ulinambia nisitie nyingi." Ukaniomba radhi. Mimi, niliyeichoma, nikaombwa radhi, na nikasema, "Si kitu." Maneno hayo mawili, gundi yako, yalikuwa mepesi kutoka, na mwaka na zaidi sasa sijaweza kuyarudisha.

Jumatatu Mzungu akaja. Wewe ulipanda juu ya dari ukanambia, "Mwambie sipo." Nikasimama nyuma ya mlango, yeye akakaa dakani, kwenye baraza ya nje ya mlango. Nikamwambia umekwenda Matondoni.

"Na meli?" akauliza.

"Imeharibika."

"Imeharibika vipi, Bibi?"

"Gundi."

"Nipe niione. Gundi haiharibu meli nzima."

Nikamwambia umekwenda nayo. Nilijua akiiona tu atasema ni moto, na mtu wa pili kuuliza moto umetoka wapi utakuwa wewe. Kisha akasema maneno haya, na nayaandika kama alivyoyasema kwa Kiswahili chake, kwa maana nimeyakariri kama sura: "Mwambie vyangu vya kwanza vyote viliharibika. Mombasa, pale bandarini, tuna chumba tunajenga gati ndogo, na meli ndogo, kabla ya kujenga gati kubwa. Nataka mtu wa mikono. Mwambie aje wakati wowote. Aje na vifaa vyake na hiyo meli, hata kama imeharibika. Nataka kuona ameharibu namna gani."

Nikasema, "Nitamwambia." Akashukuru, akaenda zake. Ukashuka darini, ukauliza, "Amesema nini?" Nikasema, "Amesalimu tu."

Hilo ndilo neno lako.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nikijitetea husema Mombasa ni mbali na wewe ndiye mwanangu wa pekee, na mama gani hatamzuia. Lakini hiyo ni sababu ya pili, na niliivaa juu ya ile ya kwanza kama buibui. Ya kwanza ni kwamba ungekwenda na meli, angeiona, angekwambia, na ungejua. Sikutaka wewe unione nilivyo. Watu wote wengine wakiniona si kitu, hata wakinicheka mimi huwashinda kwa maneno. Lakini wewe hukuwa umepata kunishika katika uongo.

Nikadhani utasahau, utapata sanduku jingine, utajenga tena. Hukujenga. Ulivitia vifaa vyako katika bati la biskuti ukalisukuma chini ya kitanda. Nilipokuletea kofia unitazamie mstari, ukasema, "Usinipe mimi, Mama, mikono yangu si ya vitu vidogo." Saa ya msikiti ilipoharibika wakaja kukuita, kwa kuwa watu walikuwa wanakujua, ukawaambia watafute mwingine. Na barua ya mjomba Salim ilipokuja ukasema "Haya" kabla sijamaliza kuisoma. Hukuuliza duka liko mtaa gani. Wewe, uliyekuwa ukiuliza kila kitu. Hapo ndipo niliposikia kitu kimenikata.

Basi nikafanya jambo. Vilikuwa vimebaki vijiti vya meli ile, vile vya kutupwa, nilivitunza bila kujua kwa nini. Kimoja nikakipaka gundi nyingi sana, kuliko uliyotia wewe popote, nikakiweka kivulini. Cha pili nikakipaka gundi vile vile, nikakiweka juu ya tenga, chetezo chini, makaa yamezikwa. Cha tatu sikukipaka kitu, nacho nikakiweka juu ya tenga. Nikakaa nikitazama, kama tulivyokuwa tukikaa. Kabla udi haujesha vile viwili vya tengani vilikuwa vimeinama, chenye gundi na kisicho na gundi, sawasawa. Cha kivulini kimelika kidogo usoni, lakini kimenyooka, na leo ni siku ya arubaini bado kimenyooka.

Nimevifunga vyote vitatu kwa nyuzi za rangi mbalimbali na vimo ndani ya bati, ili usinisadiki kwa maneno. Maneno yangu katika jambo hili hayana thamani, vitazame vijiti. Gundi yako haikuwa na kosa. Mikono yako haikuwa na kosa. Lile neno ulilojisema mwaka mzima si lako, ni langu, nirudishie.

Ulisema bati hulichukui. Nimelitia katikati ya nguo zako, na barua hii iko juu yake, utaikuta ukifungua kutafuta kanzu ya kubadili. Nimevitazama vilivyomo. Mkasi wangu mdogo nimekupa, mimi nitapata mwingine. Wembe mpya nimefunga kwa karatasi, usijikate. Msasa mkali na msasa laini. Tupa nyembamba. Kile kibano cha kutolea miiba, ambacho kilikuwa cha babako na kwacho patasi yake imesamehewa. Vibanio sita, brashi mbili, na vijiti vitatu vya hina nilivyochonga jana. Gundi sikutia, ile ya zamani niliimalizia vijiti vile, ya Mombasa itakuwa bora. Ukiona watu wa huko wana vifaa vingi vya kung'ara usitishike. Vyetu hivi vilijenga meli, na ilikuwa nzima mpaka mimi nilipoingia.

Na meli yenyewe imo kando ya bati, nimeizungushia leso. Alisema hata iliyoharibika.

Mjomba wako nimemwandikia barua yake mbali. Nimemwambia asikukalishe dukani mpaka umekwenda bandarini kwanza, na kama bandarini watakutaka, asikuzuie. Atanung'unika, ni ndugu yangu namjua, atasema Zena ameanza tena. Mwache anung'unike, chakula atakupa.

Sijui kama Mzungu yule bado yupo. Huenda amerudi kwao, huenda nafasi ile amekwisha kupewa mwingine. Ikiwa hivyo, mimi ndiye niliyekupotezea, na sitasema ilikuwa kadari nikajificha nyuma ya Mwenyezi Mungu. Utakuwa na haki ya kukasirika, na ukikasirika andika. Hata ikiwa ni mistari ya kuniumiza, nitaisoma mwenyewe, sitampa mtu anisomee. Kinachonitisha ni uninyamazie kwa adabu, kama siku ya patasi.

Kesho pale gatini nitakuwa najisifu, na ukisoma hapa utakuwa umekwisha kushangaa. Bi Rukia atakuwepo na siwezi kumwacha aseme peke yake. Lakini kabla hujafika Mombasa nitakuwa nimekwisha kumwambia, yeye na wale wote waliokuwepo, kwamba viapo vyao nimevifungua. Waseme watakavyo, mtaani, kisimani, popote.

Na ukifika kwa Mzungu, akauliza kwa nini umekawia mwaka mzima, usimwambie ulikuwa mgonjwa, wala usiseme hukupata nauli. Usinisitiri. Mwambie neno lako alipewa mamako naye hakukufikishia, na meli ni yeye aliyeipinda. Akitaka kujua mama huyo ni nani, mtajie jina lote, bila ya kulipunguza: Zena binti Omari, wa Mkomani, mshona kofia.